Matanga ya Mama wa Kitabuni

Ukitaka kujua watu wa nyumbani kwako wana adabu kiasi gani, kaa chini ufungue kitabu. Mimi naweza kumenya karanga tangu asubuhi mpaka mgongo ukatae kunyooka, na hakuna atakayekumbuka kwamba niko duniani. Naweza kufua, kuchambua maharagwe, kupiga pasi nguo za mitumba ninazouza Nagongera siku ya soko, na mtu hana haja na mimi. Lakini niketi nyuma ya jiko juu ya jerikani tupu, nifungue ukurasa mmoja tu, hapo hapo kila mtu ananitaka. Mtoto haoni kaptula yake. Mume wangu anapiga simu kutoka gereji anakotengeneza pikipiki, anauliza kama kuku wamekula. Na mama mkwe wangu, ambaye jikoni humo alipika kabla mimi sijazaliwa, anatoa kichwa mlangoni na kuuliza chumvi iko wapi.

Chumvi iko kwenye kopo. Kopo liko juu ya rafu. Halijawahi kuhama. Naapa, tangu niolewe huku Kiyeyi, Uganda, kopo lile halijasogea hata kidole kimoja, na bado nikifungua kitabu linapotea.

Mama mkwe hakusoma, na kwa hilo simlaumu. Ninachomlaumu ni kuamini kwamba mtu mzima anayetazama karatasi peke yake, bila kelele, ana ugonjwa au amepata habari mbaya. Kwa hesabu yake kitabu ni cha mwanafunzi, cha mwalimu, na cha katekista. Mimi si mmojawapo. Akinikuta nimeinama anauliza, "Kichwa nauma?" Nikisema hapana, anauliza nani amekufa. Nikisema hakuna, anaguna na kwenda zake, kisha haipiti dakika anarudi kuulizia chumvi.

Kiswahili chake ni cha soko la Busia, alikokuwa akipeleka muhogo enzi za ujana wake. Nilipoletwa hapa kama bibi harusi, binti wa Kisamia kutoka Buhehe nisiyejua hata salamu ya Kidhopadhola, lugha ya huku, Kiswahili hicho ndicho tulichosemezana. Siku hizi lugha yake ninaijua vizuri, tunagombana ndani yake bila shida. Lakini akiwa na neno zito, neno ambalo hataki nijifanye sikulielewa, anarudi kwenye kile Kiswahili. Nikisikia Kiswahili najua leo kuna jambo.

Ugonjwa wangu huu wa vitabu ulitoka ng'ambo. Nikiwa mdogo mamangu alinipeleka kwa shangazi upande wa Kenya, Busia ile ile ila ya pili, maana mji huo uko pande zote za mpaka, nikasomee huko. Huko Kiswahili ni mtihani, na ukikichezea unachapwa. Nikakipenda, kiboko au bila kiboko. Shule ikifungwa nilivuka mpaka narudi Buhehe na kitabu cha hadithi kwenye mfuko wa sare, na jioni mamangu akiketi uani na ungo wake wa wimbi, mimi ninamsomea, naligeuza neno kwa Kisamia kadiri ninavyokwenda.

Na yeye naye alikuwa ananiudhi, Mungu amrehemu. Ukurasa mmoja haukuisha. Mtu wa kitabuni akifanya upuuzi, mamangu anaweka ungo chini, ananitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemtuma. "Na wewe umemwacha tu aende?" Nikimwambia mama, imeshaandikwa, anasema basi rudia hapo, labda hukusoma vizuri. Lakini swali lake kubwa, swali la kila jioni, lilikuwa moja: wamekula nini? Watu wamesafiri, wamelia, wameoana, wamegombania shamba, yeye anataka kujua wamekula nini. Nami natafuta juu na chini, hakuna. Waandishi hawasemi. Wanakuelezea mwezi mpaka uuchoke, lakini watu wao wanashinda na njaa kuanzia jalada hadi jalada. "Huyu aliyeandika," mamangu alikuwa akisema, "hajawahi kupikia mtu." Ikabidi niwe naongeza mwenyewe. Wamekula ugali wa muhogo na samaki, mama. Hapo anaridhika, anachukua ungo, anasema endelea.

Mwaka juzi alifariki, na hapa ndipo penye kisa.

Mimi ni binti yake wa kwanza. Kwetu binti wa kwanza wa marehemu hana nafasi ya kuwa mfiwa, ana sufuria. Watu walikuja kutoka pande zote mbili za mpaka, na watu wakija msibani lazima wale. Walimu walitufundisha kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Basi kwetu wa mbali waliingia kwa kishindo, wakalia mpaka wakaanguka, na mfiwa yuko kwenye moshi anakoroga. Kila nilipotaka kulia, mtu ananigusa bega. Sahani zimeisha. Wageni wa Tororo hawajapata chai. Kuni ni mbichi. Chumvi iko wapi? Jamani, mamangu nilimzika nikiulizwa chumvi iko wapi. Jeneza liliposhushwa nilikuwa na mwiko mkononi, na macho yangu yalikuwa makavu kama mawe ya jiko.

Watu waliona. Ingekuwaje wasione? Watu hawakuona sufuria, hawakuona moshi, waliona macho. Jirani yetu wa Kiyeyi, mama mmoja ambaye boma lake na letu yanatenganishwa na ua wa manyara tu, alikuwa kwenye lori lililowaleta wakwe zangu, na habari ile aliifikisha nyumbani kabla lori halijazimwa. Hakulia. Mama yake mzazi, na hakulia hata chozi. Nilipofika kisimani wanawake walinyamaza. Mama mkwe yeye aliniuliza mara moja tu, kwa Kiswahili, "Wewe na mama yako mulikuwa na maneno?" Nikamwambia hatukuwa na maneno. Akasema sawa. Sikupenda ile sawa yake.

Mimi nilijua kilio changu kipo. Kilikuwa kimekaa hapa, chini ya mfupa wa kifua, na hakikutoka kwa sala wala kwa kitunguu. Nilianza kuogopa kwamba hakitatoka kamwe, na kwamba wale wanawake wa kisimani labda wanasema kweli. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kuanza kujitilia shaka kwa sababu ya jirani.

Sasa, upande wa Kenya pale Busia, kando ya wauza viatu, kuna mama anayetandaza turubai na kuuza vitabu vilivyochakaa. Nikienda kuchukua mitumba lazima nipite kwake. Msimu wa kiangazi uliopita nilichukua hadithi moja nene yenye jalada lililoliwa na panya, nikaisokomeza katikati ya sweta za watoto. Pale mpakani ofisa akafungua mzigo, sweta hakuziona, akaona kitabu. Cha nini? Cha kusoma. Wewe ni mwalimu? Hapana. Unasomea mtihani? Hapana. Akakigeuza, akakitikisa, akakinusa, akaniangalia kwa huruma, akaniambia nipite. Ningekuwa nimebeba magendo angenielewa haraka zaidi.

Kitabu kile nilikisoma kwa vipande, kama mtu anayekula akikimbizwa. Kilikuwa kuhusu mama na binti yake. Binti ameondoka nyumbani, miji imemmeza, mama anabaki anangoja. Nilijua yule mama atakufa, mtu akishasoma hadithi nyingi ananusa kifo mapema, lakini kila nilipokikaribia nilikuwa ninaitwa. Mpaka siku moja mchana nyumba ikatulia. Watoto wako shule. Mume yuko gereji. Mama mkwe amechukua jembe ameenda shambani kwenye viazi. Nikavuta jerikani yangu, na zilikuwa zimebaki kurasa chache tu.

Mama wa kitabuni akafa. Sikulia. Nikasema moyoni, unaona, hata huyu silii. Kisha binti akafika, amechelewa, akaingia jikoni peke yake. Mezani kuna sahani imefunikwa na sahani nyingine. Akafunua. Na mwandishi akasema kilichokuwamo. Akakisema chote: ugali wa muhogo uliokauka pembeni, na kipande cha samaki, cha mkiani.

Nikageuza kichwa. Wallahi niligeuza kichwa upande wa kushoto, ambako ungo wa wimbi ulikuwa ukikaa nilipokuwa nikimsomea mamangu, nikafungua kinywa nimwambie: mama, huyu amesema. Huyu amesema wamekula nini.

Palikuwa na ukuta wa jiko na kuku mmoja.

Sauti iliyonitoka sikuitambua. Kilio cha kawaida ningekimeza, mimi ni hodari wa kumeza. Hii ilikuwa nduru, ile ya msiba, inayotoka tumboni na kupita juu ya paa. Nililia nikimtaja mamangu na bila kumtaja. Nililia mpaka nikatoka kwenye jerikani nikawa chini. Na ilikuwa raha, nisiseme uongo. Ilikuwa kama kutapika baada ya kuugua siku nyingi. Nikasema nitalia mpaka jua lizame, leo hakuna mtu wa kuniita.

Nilisahau niko Kiyeyi.

Huku nduru haiulizwi. Ukiisikia unafunga leso, unachukua ulicho nacho, unakwenda. Nani amekufa utajua ukifika. Jirani alikuwa wa kwanza, analia tangu kwenye ua wa manyara, anapiga mapaja, hajui anamlilia nani lakini analia vizuri. Nyuma yake wanawake na unga, na madumu ya maji, na mikungu ya matoke. Wanaume wakaja na gogo. Gogo zima la mti, wanalikokota, wakaliweka katikati ya uwanja wangu, wakawasha moto wa matanga jua likiwa bado utosini. Mtu akaleta viti kutoka kanisani. Mimi bado nimekaa chini, nasema subirini, subirini, na kadiri ninavyosema ndivyo wanavyonishika mabega na kuniambia nijikaze, kazi ya Mungu haina makosa.

Simu yangu ikalia. Mume wangu. Mtu alipita gereji akampa pole. Anauliza ni mtoto gani. Nikamwambia hakuna mtoto, hakuna mtu, ni kitabu. Akasema, "Kitabu kimefanya nini?" Nikakata, maana katekista alikuwa amefika na kitabu chake cha sala, anataka jina la marehemu.

Hapo ndipo kilio chote kikanikauka tena, nikabaki na hasira. Nikasimama nikawaambia. Hakuna aliyekufa. Nilikuwa ninasoma hadithi, kuna mama amekufa humo ndani, nikalia. Poleni kwa usumbufu, rudini salama, na asanteni kwa matoke.

Hakuna aliyeondoka. Katekista, mtu mwema lakini mwenye kupenda utaratibu, akauliza kama huyo mama alikuwa amebatizwa. Nikamwambia mwandishi hakusema. Akauliza ni wa ukoo gani. Nikamwambia, baba, si mtu, ametungwa. Akafunga kitabu chake polepole.

Jirani ndiye aliyesema lililokuwa vinywani mwa wote, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mama yake mzazi hakumlilia. Leo analilia karatasi."

Nilikuwa na kitabu mkononi, kidole bado kiko kwenye ukurasa, na maneno yale yalikuwa kweli kwa mtu yeyote aliyekuwa na macho. Hata mimi mwenyewe yaliniingia. Kwa nini yule wa karatasi, na si wangu?

Halafu wakaanza la moto. Moto wa matanga, wazee walisema, hauwashwi bure. Ukiwashwa lazima uwe na mwenyewe, yaani marehemu. Usipopewa, utamtafuta wenyewe, na utaanzia kwenye boma ulimowashwa. Nikawaambia basi mlitoe gogo lenu. Wanaume wakatazamana. Aliye tayari kulitoa ni nani? Atakayelivuta atakuwa amelivuta kwenda kwake. Wale wale waliolileta mbio mbio bila kuuliza, sasa kila mmoja ameweka mikono nyuma. Nilitaka kucheka na nilitaka kuwapiga. Mimi ni mtu niliyesoma, siyaamini mambo hayo. Lakini watoto wangu walikuwa watoke shule wakati wowote, wapite kando ya moto ule usio na mtu, na moshi wake ulikuwa ukielekea kwenye mlango wa nyumba yangu, nami sikuupenda.

Ndipo mama mkwe alipotokea kwenye njia ya shamba, jembe begani. Alikuwa amekimbia, nilimwona kifua kinavyopanda. Alihesabu watu kwa macho: mwanawe hayupo, wajukuu hawapo. Nikamwahi, nikamwambia wote wazima, mama, wote wazima. Akaliweka jembe chini. Wakamzunguka wakamweleza, wote kwa pamoja, kitabu, karatasi, moto. Akawasikiliza. Kisha akanigeukia mimi, akauliza mama wa kitabuni alifanya nini hata nikalia vile.

Nikamwambia alimwachia binti yake chakula. Akakifunika. Binti akachelewa.

"Chakula gani?" akauliza.

Nikamwambia. Ugali wa muhogo na samaki. Sauti ikanikatika kwenye samaki, na nikaanza tena, mbele ya watu wote, safari hii bila nduru, machozi tu yanashuka yenyewe na kamasi. Nikasema mamangu alikuwa anauliza kila siku wamekula nini. Kila siku, mama. Na leo ndiyo imeandikwa.

Mama mkwe hajui herufi moja, na katika uwanja ule wote, pamoja na katekista na vitabu vyake, sikuona mwingine aliyeonekana kuelewa. Akaenda mpaka kwenye gogo, akalisukuma ndani zaidi kwa mguu wake, cheche zikaruka. Halafu akasema kwa Kiswahili chake, ili nisije nikajifanya sikusikia, na ili jirani naye asikie.

"Hii moto iko na mwenyewe. Mama yake alikufa kule Buhehe. Ile siku nyinyi mulikula, yeye alipika. Leo ndio yeye nalia. Kaeni chini."

Wakakaa. Jirani aliangalia huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono, akakosa, akakaa naye. Katekista akafungua kitabu chake, akaniuliza jina la mamangu, nikampa, akalisoma kwa sauti. Mkeka ukatandikwa karibu na moto nikawekwa juu yake, miguu imenyooshwa, leso kichwani, kama mfiwa halisi. Mume wangu alifika na pikipiki kwa vumbi na kasi, tayari amejiandaa kwa mabaya, akaelezwa ni matanga ya mama mkwe wake aliyezikwa mwaka juzi. Akatafuta kiti. Ni mtu wa kukubali mambo.

Wanawake waliingia jikoni kwangu, maana watu wamekaa na watu wakikaa lazima wale. Nikasikia sufuria zikigongana, nikamsikia jirani akilalamika kwamba kuni zangu ni mbichi. Kisha akatoa kichwa mlangoni, ananitafuta mimi kwa macho, na kabla hajafungua kinywa nilijua anachotaka. Chumvi iko wapi?

Miguu yangu ilishaanza kujikunja inyanyuke. Mazoea. Mkono wa mama mkwe ukanishuka begani, mzito, una udongo wa viazi.

"Usiuliza yeye," akamwambia. "Yeye leo amefiwa. Chumvi mimi natafuta."

Akainuka, akaenda, akaliendea kopo moja kwa moja bila kupapasa. Mimi nikabaki pale mkekani. Kitabu kilikuwa bado mapajani na zilibaki kurasa mbili. Nikakifungua mbele ya watu wote, nikasoma mpaka mwisho huku nikilia, na hakuna aliyeniita.